Mlango wa Tatu

Kumweleza Filomena Furtado kwamba binti yake amehitimu udaktari lakini haruhusiwi kumtibu mtu ni sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Idalina alikuwa amelipiga gitaa hilo mwaka mzima: jikoni, garini, kanisani padri akihubiri, hata pale duka la mikate ambako mama yake aliuza mikate mitamu ya Kireno tangu yeye hajazaliwa. Wapi!

"Shahada si unayo?" Filomena aliuliza tena asubuhi ile ya Februari, huku akikata soseji za kutia kwenye supu ya sukuma wiki.

"Ninayo, mama."

"Msumari wa kuitundikia niligonga mimi mwenyewe."

"Uligonga wewe."

"Basi kwa nini mama yako mdogo Odília akiumwa mgongo unamwambia aende hospitali?"

"Kwa sababu sina leseni! Leseni siipati bila mafunzo ya hospitalini. Mafunzo siyapati bila hospitali kunichukua. Na mwaka jana hakuna iliyonichukua. Mama, haya tumeyasema mpaka kuta zimeyakariri."

"Mwaka jana walikosea."

"Hawakukosea."

"Walikosea," alisema Filomena, akavisukumia vipande vya soseji ndani ya sufuria, na kesi ikafungwa.

Baba yake, Gil, alikuwa amekaa mezani, amefungwa kitambaa mkononi, pale zinapoingia sindano za mashine ya kusafisha damu. Figo zake zilikufa miaka mingi iliyopita. Siku za kusafishwa, Idalina ndiye aliyempeleka na kumrudisha, na njiani walibishana juu ya mpira na kupita taratibu mbele ya kiwanda cha nguo ambako Gil alifanya kazi mpaka kikafungwa. "Mena, mwache mtoto anywe kahawa yake," alisema. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na minne na mvi mbili alizokwisha kuzikubali.

Figo hizo ndizo zilizoanza yote, ingawa Idalina hakupenda kusema hivyo. Zilikufa akiwa mwaka wa pili chuoni. Alidhani ataweza: mchana wodi ya baba, usiku vitabu. Hakuweza. Akarudia mwaka. Akafanya mtihani wa taifa, akaanguka. Akaufanya tena, akaanguka tena. Wa tatu akapita, tena vizuri, lakini nani anasoma ukurasa wa mwisho? Katika kazi ile, anguko moja linakufuata kama harufu ya samaki mfukoni. Wenzake waliokuwa wakinakili maelezo yake darasani sasa walikuwa madaktari kamili, na yeye alikuwa kliniki ya macho, akiwauliza wazee kama wanaona herufi ya chini kabisa. Aliichukia kliniki ile. Aliwapenda wazee.

Mwaka huu aliomba tena hospitali zisizohesabika, mafunzo ya udaktari wa familia, na tatu tu zikamwita kwenye usaili. Moja ilikuwa Kansas. Ya pili ilikuwa Dakota Kaskazini, mbali kiasi kwamba Odília alidhani ni Kanada. Ya tatu ilikuwa hospitali ya hapa hapa mjini kwao, Fall River, ile ambako yeye alizaliwa, ambako baba yake alisafishiwa damu mara ya kwanza, ambako nusu ya wagonjwa huanza kueleza ugonjwa wao kwa Kiingereza na kumalizia kwa Kireno. Hiyo ndiyo aliyoitaka. Aliitaka hata akaogopa kuitaja kwa sauti.

Na hiyo ndiyo iliyomtesa kwenye usaili. Daktari Whitcomb, mkuu wa mafunzo, mtu mrefu mkavu asiyejua kutabasamu, aliweka faili lake mezani na kuanzia palepale penye kidonda.

"Umeanguka mara mbili. Kwa nini?"

Alikuwa ameandaa jibu zuri, limenyooka. Likamtoka kichwani. "Nilijidanganya kwamba naweza kila kitu," alisema. "Sikumwomba mtu yeyote msaada. Hiyo ndiyo sababu."

Whitcomb alivua miwani, akaiangalia, akaivaa. Akaandika kitu. Akauliza habari za kisukari. Basi. Idalina akatoka akiwa na uhakika kwamba amezikwa.

Watu wa Dakota, kwa upande wao, walimwandikia barua pepe baada ya wiki moja. Walifurahi mno kumfahamu. Walivutiwa na safari yake. Wangejivunia kuwa naye. Aliisoma barua ile mpaka akaweza kuighani.

"Barua hiyo wanamwandikia kila mtu," alisema Ray.

Ray Thibault alisoma naye chuoni, sasa alikuwa mwaka wa pili wa mafunzo huko Worcester, na siku yake ya mapumziko alikuja Fall River kumwona bibi yake na kula mkate wa Filomena. Walikaa kwenye kimeza kilicho karibu na kioo cha duka. Filomena alikuwa kaunta, akihudumia wateja kwa mikono na kuwasikiliza wao kwa masikio yote mawili.

"Wewe barua yako ilisemaje?" Idalina aliuliza.

"Wangejivunia kuwa nami. Walivutiwa na safari yangu. Lina, safari gani? Mimi nilikulia mtaa wa pili kutoka chuoni!" Ray alimega mkate. "Nionyeshe orodha yako kabla hujaituma."

Alimwonyesha kwenye simu. Kila mwombaji huzipanga hospitali kwa jinsi anavyozitaka, nazo hospitali huwapanga waombaji, kisha kompyuta huwaoanisha. Kwanza Dakota. Pili Kansas. Tatu Fall River.

Ray aliacha kutafuna. "We mwehu?"

"Punguza sauti."

"Unataka kuwa wapi?"

"Hapa."

"Na hapa umepaweka wapi?"

"Ray, hukumwona yule mtu alivyoniangalia. Aliniangalia kama maziwa yaliyopitwa na tarehe. Niwape nafasi ya kwanza watu ambao hawanitaki, halafu wanaonitaka wasikie niliwaweka wa pili?"

"Hawasikii! Hakuna anayesikia! Inasoma kompyuta peke yake!" Ray alisukuma sahani pembeni ili apate nafasi ya mikono. "Sikiliza, na safari hii usikilize kama mtu aliyesoma. Kompyuta inakushika mkono, inakupeleka mlango wa kwanza uliouandika. Wakikutaka kuliko wengine waliopo, unaingia. Wasipokutaka, inakupeleka wa pili, na pale unahesabiwa sawasawa na mtu aliyeuandika wa kwanza. Hupunguziwi kitu. Ukiweka Fall River kwanza wakakukataa, Dakota iko palepale inakusubiri na barua yake ya mapenzi. Lakini ukiweka Dakota kwanza, Dakota ikafungua, basi. Kompyuta haiendi kugonga mlango wa tatu kuuliza kama walikuwa wanakutaka. Umeelewa?"

"Nimeelewa tangu mwaka jana."

"Basi geuza!"

Alikuwa ameelewa kweli, hilo ndilo la kuudhi. Angeweza kumfundisha mtu mwingine na asikosee. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Idalina alikuwa ameumwa sana. Akiiweka Fall River ya kwanza, na akapangwa kwingine, atajua kwa hakika kwamba watu wa nyumbani kwao wamemkataa. Atajua kila akipita mbele ya jengo lile akimpeleka baba. Akiiweka ya tatu, hatajua kamwe. Kutokujua kulimfaa.

"Nitafikiria," alisema.

"Ukisema hivyo maana yake hapana," alisema Ray, akachukua mkate wa bibi yake, akaondoka bila kumuaga vizuri.

Filomena hakuelewa mambo ya kompyuta na milango, lakini alielewa kwamba wakati umefika wa mtu mwenye akili kuingilia kati. "Mimi nimeshaweka nadhiri," alitangaza, na wateja watatu wakageuka. "Kwa Bwana Santo Cristo. Lina akipata hospitali, natembea kwa magoti kutoka mlango wa kanisa mpaka altareni."

"Mama, una baridi yabisi!"

"Magoti ni yako?"

"Daktari wako alisema—"

"Huyo ni daktari. Wewe si ulisema wewe si daktari? Basi nyamaza."

Wateja wakacheka. Hata Idalina alicheka, ingawa alitamani kutupa kiti. Jioni ile alikaa na simu, akaitazama orodha, akaiweka Fall River juu, akairudisha chini. Akabonyeza kutuma.

Machi ikafika. Kwa waombaji wa mafunzo, Jumatatu moja unaambiwa tu kama umepata au la. Umepata wapi, hilo unangoja mpaka Ijumaa. Aliyebuni utaratibu huo hakuwa na mama. Idalina aliifungulia barua pepe yake ndani ya gari, nje ya kituo cha kusafishia damu, baba yake akiwa kiti cha pembeni.

"Nimepata," alisema.

Gil alimshika mtoto wake shingoni kwa ule mkono wenye kitambaa, akalia mpaka kioo cha gari kikaingia ukungu. Filomena alipopigiwa simu alipiga kelele iliyosababisha mwenye duka kutoka nyuma na koleo la kutolea mikate. Kufikia adhuhuri habari zilikuwa zimevuka bahari mpaka kisiwa cha São Miguel, kwa binamu ambao Idalina hajawahi kuwaona.

Siku nne Filomena alitembea kama mama wa bibi harusi. Kila aliyenunua mkate aliambiwa kwamba sasa atapata daktari wa kumsikiliza kwa Kireno, hapo tu, chini ya kilima. Idalina alisema, "Mama, bado hatujui ni wapi." Filomena akasema, "Eti hatujui," kama mtu anayemfukuza nzi.

Ijumaa ikaja na Dakota.

Filomena aliuliza, "Ni karibu na Boston?"

"Hapana, mama."

"Mtu anaweza kwenda kwa basi?"

"Anaweza, kama anataka kufa ndani ya basi."

Gil aliuliza ni miaka mingapi, akaambiwa mitatu. Akatikisa kichwa taratibu, akasema huko kuna baridi, anunue koti la maana. Kisha akasema kituo kina gari la kuwachukua wagonjwa, alikuwa hajalijaribu tu. Idalina akasema ni gari zuri. Wote wawili walijua halikuwa zuri. Lakini alikuwa amepangwa! Baada ya mitihani miwili kumwangusha na mwaka mzima wa kupima macho, alikuwa amepangwa, na usiku ule alilala usingizi mzito kuliko wote aliokuwa ameupata kwa miaka. Labda Fall River hawakumtaka, alijiambia, lakini hata kama hawakumtaka hakuambiwa usoni. Alishukuru kwa hilo. Ndivyo alivyokuwa mjinga.

Jumamosi asubuhi alikuwa nyuma ya kaunta akimsaidia mama yake, maana Jumamosi za Kwaresima duka hufurika. Akaingia Lurdes Pacheco, katibu wa ofisi ya mafunzo ya hospitali, mwanamke aliyesali nao kanisa moja na aliyemfundisha Idalina katekisimu. Lurdes alikuwa amekula kiapo cha kutunza siri za kazini, lakini kiapo chenyewe hakikuwahi kustahimili hasira. Na siku hiyo alikuwa na hasira.

"Mikate miwili," alisema, bila salamu. Alimwambia Filomena, hakumwangalia Idalina. "Na umwambie binti yako hongera. Fall River imekuwa ndogo kwake."

"Ndogo vipi?" Filomena alishika mkate hewani. "Ninyi ndio mliomkataa!"

"Sisi?" Lurdes aliweka mkoba kaunta kwa kishindo. "Mena, tunachukua watu wanane. Daktari Whitcomb alimweka wa pili. Wa pili! Miaka yote niliyofanya kazi pale sijawahi kumsikia akimsifia mtu, na huyu alimsifia mbele ya kikao. Alisema, madaktari wote wanaoingia hapa wananiambia wana nguvu, huyu peke yake ameniambia alipokosea. Ijumaa majina yalipokuja aliyasoma yote akarudia tena, akaniuliza mimi kama kuna ukurasa umebaki. Mtu tuliyemweka wa pili asipokuja, maana yake ni moja tu. Yeye ndiye aliyetuweka nyuma."

Mzee mmoja aliyekuwa akihesabu maandazi yake akaacha kuhesabu.

"Mtoto wangu hawezi kukataa kwao," alisema Filomena. Alimgeukia Idalina, mkate ungali mkononi. "Lina. Mjibu huyu mama. Mwambie kompyuta imekosea."

Kompyuta haikuwa imekosea. Idalina alifungua mdomo, akaona sura ya Whitcomb akivua miwani, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba mtu yule hakuwa akimdharau. Alikuwa akitafuta la kusema kwa sababu ameguswa, na hakujua namna, basi akauliza habari za kisukari.

"Niliwaweka wa tatu," alisema.

"Kwa nini?"

"Ili wasinikatae."

Filomena aliuweka mkate kaunta. "Ukawakataa wewe."

"Ndiyo, mama."

"Ili wao wasikukatae."

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo ya kusoma," alisema Filomena, sauti ikipanda, "vitabu vizito kuliko mimi, taa inawaka mpaka alfajiri, na hakuna kitabu hata kimoja kilichokwambia kwamba ukitaka mkate unasema nataka mkate? Mlevi wa mtaa wa chini anajua! Anaingia hapa anasema, Mena, nataka mkate! Hana hata senti, lakini anasema!"

Lurdes alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Hasira yote ilikuwa imemtoka. "Maskini mtoto," alisema, na hilo Idalina alilichukia kuliko yote yaliyosemwa.

"Hakuna la kufanya?" Filomena aliuliza.

"Hakuna," walijibu Idalina na Lurdes kwa pamoja. Orodha ikishatumwa ni kama ndoa ya kanisani, na nafasi zote nane zilikuwa zimekwisha kupata watu. Mkataa pema, wahenga walisema, pabaya panamwita. Pale hata hapakuwa pabaya. Palikuwa mbali tu, mbali na mzee mmoja mwenye kitambaa mkononi.

Filomena alifunga mikate ya Lurdes, akampa. Akavua aproni. Akamwambia mwenye duka anatoka. Mwenye duka akaangalia foleni, akaangalia uso wa Filomena, akaivaa aproni mwenyewe.

"Unakwenda wapi?" Idalina alimkimbilia barabarani.

"Kulipa deni."

"Mama, nadhiri ile… wewe uliomba nipate hapa."

"Sikuomba hapa!" Filomena alisimama katikati ya njia, na ndipo Idalina akaona kwamba mama yake analia, tena ana hasira kwa kulia. "Nilisema, Bwana, apate hospitali. Basi. Sikutaja ipi. Nilidhani anajua! Na niliona aibu kumchagulia, mtu ameanguka mara mbili, nikasema tusiwe na tamaa, tuombe kidogo. Umepata. Amenipa nilichoomba. Kwa hiyo nitembee, nisije nikaonekana tapeli."

Kanisani hapakuwa na watu ila bibi mmoja aliyesinzia na rozari yake. Filomena alishika benchi la nyuma, akashuka goti moja, akaguna, akashuka la pili. Akaanza kusogea. Idalina alitembea kando yake akiwa ameinama, mkono chini ya kwapa la mama yake, akijua kila kinachotokea ndani ya magoti yale kwa majina yake ya kitabuni. Alimwambia apumzike, akaambiwa anyamaze. Alimwambia aweke koti lake chini, akaulizwa kama nadhiri ya juu ya godoro ni nadhiri.

Walipofika katikati ya kanisa, Filomena alisimama, akihema, kiganja sakafuni.

"Sasa deni la leo nimelipa nusu," alisema. "Naweka nadhiri nyingine. Na safari hii nasema kila kitu, mpaka jina la mtaa."

"Unaomba nini?"

"Miaka mitatu. Gil Furtado, wa mtaa wa Columbia, awe hai mezani kwangu siku Lina anaporudi Fall River. Si Boston. Si karibu na Fall River. Hapa." Alimtazama mtoto wake kutoka chini. "Wewe umesomea. Ni jambo kubwa?"

Idalina alijua figo za baba yake zimekufa lini, alijua wagonjwa wa mashine ile huishi kwa kawaida miaka mingapi, na alijua Gil ameshaipita. Alikuwa amejibu maswali ya namna hiyo kwenye mtihani, tena mara tatu.

"Ni jambo kubwa sana, mama," alisema.

"Basi usiniachie peke yangu."

Idalina alivua koti, akaliweka juu ya benchi. Akapiga magoti kwenye mawe yale baridi kando ya mama yake, akalitaja jina la baba yake kwa sauti, na jina la mji, na wakaanza kusogea.